Kiti cha Subira

Marehemu alilala kifudifudi kwenye zulia la chumba cha usaili, shavu moja limebanwa chini kama mtu anayetega sikio asikie ya ghorofa ya chini. Kando yake lilikuwa pande zito la kioo lenye umbo la mwali wa moto. Ncha yake moja ilikuwa na damu iliyobaki katika mfereji mwembamba. Kwenye kitako chake palikuwa na maandishi ya dhahabu: MWAJIRI BORA WA MWAKA.

Inspekta aliyasoma maneno yale mara mbili. Akatafuta mahali pa kutema mate, akakosa. Zulia lilikuwa jipya.

"Kauawa na tuzo, Afande," alisema Koplo, mwanamke mfupi mwenye kamera shingoni na ulimi usiolala.

"Tuzo haiui. Imetumwa tu."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti, glavu mikononi. "Pigo moja la kisogo. Jana jioni, baada ya watu kutoka kazini. Alikuwa ameinama alipopigwa. Hakujua kilichompata."

"Alama za vidole?"

"Kioo kimefutwa. Kimefutwa kuliko vyombo vya nyumbani kwangu."

Marehemu alikuwa Mkuu wa Ajira wa kampuni. Jina lake liliandikwa mlangoni kwa shaba, lakini vijana waliomaliza vyuo walimjua kwa jina jingine: Chekeche. Kila mwaka kampuni ilitangaza nafasi ya afisa mhitimu, nafasi moja tu, na kila mwaka vijana waliirukia kama nzi wanavyorukia kidonda. Chekeche aliwapepeta. Kwanza mtihani wa hesabu na akili. Kisha mjadala wa vikundi, ambamo watoto wa watu waliambiwa wasemane makosa, huku wakubwa wameketi ukutani na kalamu zao wakitabasamu. Mwisho walibaki watatu. Hao watatu waliingia chumba hiki, mmoja mmoja, wakakaa kwenye kiti pekee kilichotengwa mbele ya meza ndefu.

Goti la Inspekta lilikuwa linamuuma. Alikivuta kiti kile cha waombaji, akakaa. Kilikuwa kizuri, kimetulia kama jiwe la kusagia. Mbele yake, nyuma ya meza, vilikuwapo viti vingine vitatu vya aina ileile, mbao nyeusi na ngozi, hutofautishi kimoja na kingine.

Alizunguka meza ili aone marehemu alichokuwa anaona akiwa hai. Akaketi kwenye kiti cha katikati.

Kiti kilimtupa pembeni. Alidaka meza kwa mikono miwili.

"Pole, Afande," Koplo alisema, akiuma mdomo asicheke. "Jana ulikula nini?"

"Njoo upige picha huku, acha uchale."

Alikigeuza kiti. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Haukuvunjika. Ulikatwa kwa msumeno, ukapigwa msasa, ukavalishwa tena kiatu chake cha mpira. Na chini ya kikalio, mahali ambapo damu haiwezi kuruka mpaka kiti kiwe kimelala, palikuwa na matone makavu yaliyotapakaa.

"Hiki kiti kilikuwa kimeanguka mtu alipopigwa," Inspekta alisema polepole. "Halafu mtu akakiinua, akakirudisha hapa, akapanga chumba. Muuaji msafi."

"Kampuni yote safi hii, Afande. Hata chooni wana marashi."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Mkurugenzi, mtu mnene wa shingo, suti ya kijivu, kitambaa cha mfukoni kimekunjwa kama ua. Hakuitazama maiti. Aliitazama saa yake.

"Inspekta, tusipotezeane muda. Muuaji anajulikana."

"Na nani?"

"Na mlinzi wangu wa getini. Kuna binti alisailiwa jana mchana. Alitoka analia, anatukana. Jioni akarudi, akapanda juu, akashuka mbio. Mtamkuta kwao. Watu wa namna ile hawana pa kukimbilia."

"Watu wa namna ipi, mheshimiwa?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wenye hasira."

Mlinzi aliyathibitisha hayo yote, macho yake yameganda kwenye viatu vya Mkurugenzi.

*

Binti alikamatwa kabla ya adhuhuri. Mkuu wa Kituo alimwita Inspekta ofisini, akafunga mlango.

"Kesho asubuhi afikishwe mahakamani. Simu yangu haijapoa tangu asubuhi. Wakubwa wanataka jambo liishe."

"Hata kuhojiwa hajahojiwa, mkuu."

"Mhoji leo. Kesho mashtaka. Usinichimbie kaburi, mzee mwenzangu, nimebakiza kidogo nistaafu."

Inspekta alipiga saluti kwa sababu mkono ulishazoea. Alikuwa polisi wa kuanzia chini, wa virungu na mvua. Shule aliiacha mlangoni, na kila cheo alikipata baada ya wenye vyeti kukipita mara mbili. Hayo aliyameza. Lililomkaa kooni ni jingine. Mkewe alifia hospitali kubwa, juu ya mashine mpya iliyoendeshwa na kijana asiyejua kuiendesha. Kijana yule alikuwa mtoto wa fulani. Baadaye wakubwa wa hospitali walikuja msibani na magari yao, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Tangu siku hiyo Inspekta hujiuliza Mungu alianza lini kutoa ajira.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mama mmoja, fundi cherehani, pini zimesahaulika kwenye kifua cha gauni lake. Alisimama alipomwona.

"Baba, mwanangu hajaua mtu. Mwanangu akiona mende anamsindikiza nje."

"Kaa, mama. Maji ulishapewa?"

"Sitaki maji. Namtaka mwanangu."

Ndani, binti alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, kama bado yuko kwenye usaili. Viatu vyake vya visigino vilikuwa vikubwa mno, vya kuazima.

"Jana ulimtukana marehemu?" Inspekta alianza.

"Ndiyo."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia siku moja atacheka, na hakitamtoka kicheko kingine."

"Maneno mabaya hayo, mwanangu, kwa mtu aliyekufa siku hiyohiyo."

"Najua."

"Kisa?"

"Huu ni mwaka wangu wa tatu, Afande. Kila mwaka naingia watatu wa mwisho. Kila mwaka wananiambia nimefanya vizuri sana, nijaribu tena. Jana nikamuuliza marehemu, kwa adabu tu, kwamba ninakosea wapi nijirekebishe. Akacheka. Akasema, 'Hukosei popote. Wewe ni msindikizaji.' Nikasema sikuelewa. Akasema sheria ya kampuni inataka watatu wa mwisho, na mmoja huwa ameshachaguliwa kabla hata tangazo halijatoka. Sasa wanahitaji wawili wa kumsindikiza, tena wazuri, ili mambo yaonekane ya haki. 'Wewe,' akasema, 'ndiye msindikizaji bora niliyewahi kupata. Njoo na mwakani.'"

Koplo, aliyekuwa anaandika pembeni, aliacha kuandika. "Shetani ana ofisi," alinong'ona.

"Ukaondoka," Inspekta alisema. "Mbona jioni ulirudi?"

"Nilisahau bahasha yangu ya vyeti mezani. Nilikuwa nalia, sikuona. Vyeti halisi, Afande, siyo nakala, walitaka halisi. Nilipofika mlangoni nikamsikia yuko ndani anacheka. Kicheko kilekile. Nikajua kuna mtu mwingine humo, wanasimuliana habari zangu. Nikashindwa kuingia. Nikashuka mbio."

"Uliyasikia maneno ya huyo mwingine?"

"Hapana. Kicheko tu." Aliinua macho. "Vyeti vyangu mmeviona?"

Inspekta na Koplo walitazamana. Chumbani hapakuwa na bahasha yoyote.

"Tutavitafuta. Niambie, usaili wenyewe ulikwendaje?"

"Vizuri, ukiacha kile kiti."

"Kiti gani?"

"Cha waombaji. Kinayumba. Mwaka wa kwanza nusura nianguke. Siku hizi nimejifunza, nakaza paja la kulia mpaka wamalize. Unatoka pale paja limekufa ganzi na umesahau nusu ya majibu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama hewani.

"Kiti kinachoyumba kipo mbele ya meza? Si nyuma?"

"Mbele, Afande. Nyuma wanakaa wao. Wao wataanzaje kuyumba?"

*

Inspekta alirudi kwenye kampuni mchana uleule. Katibu wa Usaili, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, alimkaribisha kwenye ofisi yenye mabango ya vijana wanaocheka kwa meno yote. UNGANA NA FAMILIA YETU, yalisema mabango.

"Nieleze kuhusu kiti, mama."

Aligutuka. "Kiti kipi?"

"Mnavyo vingapi vilivyokatwa miguu?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tunakiita kiti cha subira. Marehemu alikikata mguu mwenyewe kwa msumeno. Ni kipimo. Mwombaji akilalamika au akiomba kingine, tunaandika: mkorofi. Akivumilia mpaka mwisho, tunaandika: anafaa."

"Anafaa kwa kazi gani?"

"Kwa… kuvumilia."

"Na nyinyi mnakaa vizima."

"Sisi si waombaji, Afande." Alisema hivyo bila kebehi, kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha.

Inspekta aliyatazama tena mabango. Kule nje wazazi wanauza mashamba na kukesha kwenye cherehani ili mtoto asome. Humu ndani mtu mzima mwenye mshahara anachukua msumeno na msasa, anapiga magoti, anatengeneza kiti cha kumdhalilishia mtoto huyo.

"Wote waliosailiwa jana walikikalia?"

"Watatu wote."

"Kijana wa pili nimempigia simu nikiwa njiani. Nilipomtajia kiti tu, akaniambia kiuno kinamuuma mpaka sasa, atatuma bili. Huyo wa kwanza ni nani? Yule aliyechaguliwa?"

Katibu alianza kuifuta tena miwani.

"Mama, nakuuliza."

"Mpwa wa Mkurugenzi. Mtoto wa dada yake."

"Alikikalia?"

"Imeandikwa alisailiwa asubuhi, wa kwanza, akaenda zake."

"Sikuuliza imeandikwaje."

Katibu alitazama mlango. "Nina watoto, Afande."

"Kila mtu ana watoto. Hata aliye mahabusu kwangu ni mtoto wa mtu."

Mama yule alianza kulia, lakini hakusema. Alilia kwa uangalifu, akikinga wanja usichuruzike. Inspekta alimwacha na machozi yake. Mlangoni aligeuka.

"Hivyo viti vinne navichukua. Vielelezo."

*

Kabla jioni haijaingia, Mpwa alifika kituoni kuandika maelezo kama shahidi. Alikuja kwa gari refu jeusi la mjomba wake, yeye ndiye dereva, mjomba amekaa nyuma. Mkurugenzi alibaki mapokezi akizungumza na simu mbili. Fundi cherehani alisogea benchini kumpisha. Mkurugenzi alikaa bila kushukuru.

Mpwa alikuwa kijana mtanashati, ngozi ya mtu asiyejua jua lina ukali gani. Koplo alimwelekeza kwenye kiti.

"Karibu, kaka. Kaa hapo."

Alikaa. Kiti kikaenda upande. Akashika meza. Akakaa tena vizuri, kikaenda upande wa pili.

"Aa, jamani! Hiki kiti kibovu. Nileteeni kingine."

Inspekta hakuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Vumilia kidogo. Jina na makazi umeshaandikisha. Jana ulisailiwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilikuwa wa kwanza."

"Usaili ulikuwaje?"

"Kawaida tu. Maswali, majibu."

"Ulikaa wapi?"

"Mbele ya meza, kwenye kiti cha waombaji."

"Muda mrefu?"

"Muda wa kutosha. Walinihoji sana." Kiti kilimyumbisha, akasonya. "Afande, kweli hamna kiti kingine? Serikali gani hii?"

"Hicho cha jana kilikuwaje?"

"Kipi?"

"Ulichokalia kwenye usaili."

"Kizuri. Kiti cha ngozi. Si kama takataka hii."

Koplo alikuwa ameegemea ukuta, ameacha kutafuna ubani wake wa bazoka.

Inspekta aliweka kalamu. "Kitazame."

"Nitazame nini?"

"Kiti ulichokalia. Mbao nyeusi, ngozi. Mguu wa nyuma umekatwa. Hicho ndicho kiti cha waombaji cha kampuni ya mjomba wako. Kila aliyesailiwa pale anakijua kwa matako yake. Kuna aliyejifunza kukaza paja. Kuna ambaye kiuno kinamuuma hadi leo. Wewe peke yako unasema kilikuwa kizuri."

Mpwa aliinama kuutazama mguu wa kiti.

"Wewe hukusailiwa asubuhi," Inspekta aliendelea, sauti yake tambarare. "Sasa nisikilize. Aliyemuua Chekeche aliinua kiti kilichoanguka, akakirudisha nyuma ya meza, akaacha kizima mbele. Wafanyakazi wa pale wasingekosea hivyo, wanakijua. Waombaji wasingekosea, wameumia nacho. Amekosea mtu aliyeingia chumba kile akiwa hajawahi kuombea kitu chochote maishani mwake."

"Namtaka mjomba."

"Mjomba yuko nje, anaongea na simu. Jana jioni ulikuja na gari gani?"

"Namtaka mjomba wangu!"

"Koplo, kalipekue lile gari jeusi. Mchukue na askari wa zamu awe shahidi."

Koplo alitoka. Walibaki wawili. Mpwa alijaribu kutulia na kiti hakikumruhusu. Kila alipopumua kilicheza, tak, tak, juu ya sakafu ya saruji. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Nje ilisikika sauti ya Mkurugenzi ikipanda, "Unajua mimi ni nani?" na ya Koplo ikijibu kwa upole, "Ndiyo mzee, wewe ndiye mwenye buti la gari, tufungulie."

Aliporudi alikuwa na bahasha ya kaki mkononi, amevaa glavu.

"Chini ya tairi la akiba, Afande."

Ndani vilikuwamo vyeti vya binti. Shahada ya daraja la kwanza ilikuwa imekunjwakunjwa na kuchakaa, muhuri wa chuo umefunikwa na baka la kahawia. Palionekana wazi pale ilipopitishwa kwenye kioo, mara ya kwanza damu nyingi, mara ya pili kidogo, mpaka pale karatasi ilipobaki safi.

"Umefutia damu shahada ya mtu," Inspekta alisema.

"Kitambaa changu kilikuwa kipya," Mpwa alisema.

Halafu alisikia alichokisema, akaishika meza kwa mikono miwili.

Inspekta aliinamisha uso. Katika miaka yake ya kazi aliona maiti zilizotolewa visimani na zilizokaa juani, hakuwahi kufunga pua. Sasa alitamani kufunga.

"Na kwa nini hukuitupa?"

"Nilisahau." Alisema kama mtoto. "Nilidhani… kuna mtu husafisha gari."

"Endelea. Anza mwanzo."

Maneno yalimtoka kwa vipande.

"Mjomba alisema kazi ni yangu, tulishafanya sherehe nyumbani, hata suti nilishashonewa. Ikabaki usaili tu, wa jina. Asubuhi sikwenda, niliamka nimechoka. Wakaandika nimekwenda. Marehemu akapiga simu, akasema nije jioni, nipitie mlango wa magari, angalau tuonane ili ajue akiulizwa aseme nini. Nikaja. Alikuwa peke yake. Nikavuta kiti kimoja kule kwao, nikakaa."

"Kizima."

"Sikujua kama kuna kibovu! Akanitazama hivi. Akasema tufanye swali moja tu, la utani. Swali la kwanza la kila mwombaji."

"Lipi?"

Mpwa alipangusa pua kwa mkono. "'Kwa nini kampuni ikuajiri wewe, isimwajiri mwingine?'"

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia, 'Si unajua.'"

Koplo alishindwa, akatoa mlio puani.

"Naye akacheka," Mpwa alisema, macho yamejaa maji. "Hivyohivyo. Akacheka mpaka akashika meza. Akaichukua hiyo bahasha, akanipepea nayo usoni. Akasema, 'Huyu binti wa fundi cherehani swali hili amelijibu mpaka nikasahau kuandika, tena akiwa anayumba. Nimemkata miaka mitatu kwa ajili ya watu kama wewe. Wote walikuwa hovyo, lakini wewe umewazidi, wewe hata uongo hujui.' Akainuka, akasema, 'Hicho si kiti chako, kijana. Chako ni hiki, angalau leo ukione.' Akainama anivutie hiki kibovu. Huku anacheka. Haachi kucheka."

"Ukachukua tuzo."

"Ilikuwa karibu."

"Kwa sababu alicheka."

"Afande, mimi sijawahi kuchekwa!" Alipiga kelele, kiti kikamtikisa. "Hata shuleni hakuna aliyenicheka! Walimu walikuwa wanamjua mjomba!"

Basi ndiyo hiyo sababu yote. Inspekta aliisubiri nyingine nyuma yake, kubwa zaidi, inayostahili maiti. Haikuja. Chekeche aliwacheka watoto wa wanyonge miaka na miaka, wakainama, wakamshukuru kwa nafasi. Siku alipomcheka mtoto wa mkubwa, na pengine kwa mara ya kwanza akasema kweli, kikamtoka kicheko cha mwisho.

"Ukampigia simu mjomba."

"Jioni ileile."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nenda kaoge, ulale. Nitalipanga.'"

Inspekta aliyarudia maneno hayo polepole ili Koplo ayaandike bila kukosea herufi. Kisha alifungua mlango, akamwita Mkurugenzi aingie. Alimwonyesha bahasha, akamsomea mstari ule wa mwisho. Mkurugenzi hakumtazama mpwa wake.

"Mimi sikujua kitu," alisema. "Huyu kijana ni mtoto wa dada, siyo wangu. Tangu utoto alikuwa na matatizo."

"Mjomba!" Mpwa alisema.

"Nyamaza!"

"Nyote wawili mtanyamaza baadaye," Inspekta alisema. "Mzee, wewe unakamatwa kwa kumficha muuaji na kumsingizia asiyehusika. Koplo, mtafutie naye pa kukaa."

"Viti vimekwisha, Afande," Koplo alijibu. "Kipo hicho anachokalia mpwa wake. Wapokezane."

*

Binti aliachiwa asubuhi, saa ambayo angekuwa anapandishwa kizimbani. Mkuu wa Kituo hakutoka ofisini. Fundi cherehani alimkumbatia mwanawe, akamchoma na pini, wote wawili wakacheka na kulia.

"Vyeti vyangu, Afande?" binti aliuliza.

Inspekta alikuna kidevu. Hili ndilo alilokuwa analiogopa.

"Vimepatikana. Lakini ni vielelezo. Mpaka kesi iishe, na kesi za watu wakubwa… Na ile shahada, mwanangu, haifai tena. Itabidi uombe nyingine chuoni."

Binti aliitazama sakafu. Miaka mitatu, na sasa hata karatasi ya kuonyesha hana.

"Twende," mama yake alisema, akimshika mkono. "Walichofutia ni karatasi. Kichwa unacho mwenyewe."

Walipotoka tu, aliingia mwanasheria wa kampuni, kijana nadhifu mwenye mkoba, akitoa pole na salamu kwa mpangilio. Kampuni imesikitishwa sana. Kampuni itatoa ushirikiano wote. Kisha akakohoa.

"Kuna ombi dogo tu, Afande. Vile viti. Usaili unaendelea Jumatatu. Sasa nafasi ni mbili: ya afisa mhitimu, na ya marehemu."

"Mmeshapata waombaji?"

"Maelfu. Tangu habari zitoke redioni wameongezeka."

"Na waliochaguliwa mmeshawachagua?"

Mwanasheria alitabasamu kwa adabu, akafunga mkoba wake.

Inspekta alimkumbuka mkewe juu ya ile mashine, na kijana aliyekuwa anabonyeza vitufe huku akimuuliza mwenzake.

"Vitatu vichukue. Cha nne kinabaki."

"Kipi kinabaki?"

"Kilichokatwa."

Uso wa mwanasheria ulikunjamana. "Afande, samahani, lakini katibu alisisitiza. Hicho ndicho hasa wanachokihitaji."

Inspekta alisimama, akamfungulia mlango.

"Wakakate kingine. Msumeno wanao."